Ugomvi Ulioisha kwa Soda

Niliachishwa kazi kwa sababu ya ukoko. Naliandika jambo hilo wazi hapa mwanzoni, maana kila nikianza kulieleza kwa kuzunguka, watu hufikiri ninaficha kitu kikubwa, labda gunia la mchele, labda dumu la mafuta. Hapana. Ni ukoko wa bugali, ndivyo tunavyouita ugali hapa kwetu, ule unaoshikana na chini ya sufuria mpaka uukwangue kwa mwiko wa chuma. Utaniuliza ni mtu gani mwenye akili timamu anayeweza kumfukuza mwenzake kwa ajili ya ukoko. Njoo Bunia nikuonyeshe anapokaa.

Nilikuwa mpishi wa kampuni moja ya malori yenye uwanja wake mtaa wa Lumumba. Malori yalikwenda Ariwara na Mahagi, yakarudi na vumbi na madereva wenye njaa, na mimi ndiye niliyewangojea. Miaka kumi na moja nimesonga bugali kwa mikono hii, katika sufuria kubwa ambayo ili kuiosha ilikuwa lazima niinamie mpaka mabega yangu yaingie ndani. Nilipika sombe ya majani ya muhogo, maharagwe, makayabu ya samaki wa chumvi, na samaki wabichi wa ziwani siku ambazo njia ya Bogoro ilikuwa inapitika. Dereva akilalamika kwamba chakula kimechelewa, nilimwambia aende akale kwa mke wake. Wote walibaki wakala kwangu.

Na ukoko ulikuwa wangu. Hilo halikuandikwa mahali popote, kwa sababu hakuna aliyewahi kufikiri kwamba linahitaji kuandikwa. Nenda kwenye arusi, nenda kwenye matanga, nenda parokiani siku askofu amekuja: anayesonga ndiye anayekwangua, na anachokikwangua ni chake. Ni malipo ya moshi unaoula. Mimi nilikuwa na bata saba nyumbani, nikiuloweka ukoko ule kwenye maji, wanakula mpaka wanashindwa kutembea. Mzee mwenye kampuni alijua. Akipita jikoni alikuwa ananiuliza, "Mama, bata wako muzima?" Mwaka mmoja kwa Noeli nilimpelekea mmoja, akamla na familia yake, na hakuuliza alilishwa nini.

Kisha mzee akazeeka kweli, akabaki nyumbani na mguu wake mbovu, akaleta msimamizi kutoka Kinshasa. Mtu wa miaka thelathini na kitu, mwenye viatu vyeupe katika mji wa udongo mwekundu. Sina ubaya na watu wa Kinshasa, dada yangu ameolewa huko. Lakini huyu alikuja na mizani na kufuli. Alipima unga kabla sijausonga, alipima maharagwe, alihesabu vijiko. Alitaka mzee aone kwamba ameleta mtu wa kuziba matundu, na asipopata tundu, ilikuwa lazima alitoboe mwenyewe ili apate la kuziba.

Jumatano moja jioni nilikuwa natoka na ndoo yangu ya plastiki yenye kifuniko, akaniita getini. Madereva sita au saba walikuwa wamekaa juu ya matairi wakitazama. Akaniambia nifungue ndoo, nikafungua. Akaingiza kidole kwenye ukoko, akakitazama kile kidole, akauliza hii ni mali ya nani. Nikamwambia ni yangu. Akasema unga ni wa kampuni, kuni ni za kampuni, maji ni ya kampuni, sasa katikati ya hivyo vyote hiki changu kimetokea wapi. Nilicheka. Nakiri kwamba nilicheka, nilidhani anatania. Kesho yake asubuhi nikapewa barua yenye muhuri: kosa zito, wizi wa mali ya kampuni, kazi imekwisha leo.

Haki zangu za fedha walinipa zote, sitawasingizia. Kilichonichoma ni lile neno. Wizi. Mpishi katika mji huu anaishi kwa jina lake, maana ndiye anayeshika funguo za stoo, na stoo ndiyo roho ya nyumba. Popote uendapo kuomba kazi wanakwambia lete karatasi ya kazi uliyotoka. Nilipeleka ile barua kwenye hoteli moja, nikaipeleka kwenye biro moja, ofisi ya wageni wanaohitaji mpishi. Waliisoma, wakanirudishia wakiwa wameishika kwa vidole viwili. Hakuna aliyeniuliza niliiba nini. Laiti wangeuliza, wangecheka nami.

Mume wangu ni fundi wa pikipiki, mtu mpole kupita kiasi. Akaniambia, "Achana nayo, Mungu anaona." Nikamjibu kwamba najua Mungu anaona, lakini Mungu haandiki barua za kazi. Wiki ile hatukuongea vizuri. Nilikuwa nasonga bugali ya nyumbani kwa nguvu mpaka mwiko ukavunjika, na watoto walikula wakinitazama kwa pembe ya jicho.

Sheria yetu inasema kabla hujafika mahakamani na ugomvi wa kazi, lazima kwanza upite kwa inspekta wa kazi, ajaribu kuwapatanisha. Nikaenda. Inspekta alikuwa muzee wa watu, mwenye adabu, na meza yake ilikuwa imeegemezwa tofali upande mmoja. Akatuita mimi na msimamizi. Nilikwenda nikiwa tayari kummeza yule msimamizi mbichi. Lakini inspekta alijua kazi yake: aliacha kila mmoja aseme mpaka achoke, hakumkatiza mtu, na nilipomaliza kutoa yangu nilijikuta sina tena pumzi ya kugombana. Msimamizi naye akashusha sauti. Akasema labda aliharakisha. Akasema nafasi yangu imekwisha kupewa mwingine, hilo hawezi kulirudisha nyuma, lakini ile barua ataitengeneza, ataandika nyingine isiyo na lile neno.

"Wiki hii, mama," akasema. "Nitaitengeneza wiki hii."

Inspekta akafurahi. Akatuambia tupeane mikono. Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilipojichimbia shimo. Mimi nimezaliwa upande wa Mahagi, karibu na ziwa, kwa watu wa kusali na kuvua samaki. Kwetu, mtu akikunyooshea mkono mbele ya mtu mzima aliyekaa kuwasuluhisha, unaupokea, hata kama moyoni bado unamchukia. Ukikataa, ugomvi unageuka kuwa wako, na yule mtu mzima ndiye uliyemtukana. Nikaupokea. Kisha msimamizi akamtuma mlinzi wa ofisi ile soda tatu baridi, akanifungulia yangu mwenyewe, akanimiminia kwenye glasi. Mwenzako akikumiminia baada ya ugomvi, unakunywa. Nikanywa. Nilianza hata kumwona si mtu mbaya sana.

Karatasi ikaletwa baada ya soda. Inspekta akaisoma kwa Kifaransa cha haraka, akanieleza kwa Kiswahili: pande zote mbili zimekuja, zimeongea, zimepatana, ugomvi umekwisha. Nilimwelewa. Mimi si mjinga, nimesoma mpaka sekondari. Nikaona palepale kwamba ahadi ya barua mpya haimo, na swali likanifikia kooni: hili la barua mbona hamkuliweka? Likaishia kooni. Kwa sababu kumwambia mtu aandike ahadi yake wakati glasi mliyonywea bado iko mezani ni kumwambia mbele ya shahidi kwamba yeye ni mwongo. Kwetu hata mwenye kudai deni, akishakunywa na mdeni wake, atangoja kesho ndipo adai tena. Nikatia sahihi. Na nikasema asante. Asante! Hata leo nikikumbuka ile asante natamani kujipiga kofi.

Wiki ile barua haikuja. Nilingoja wiki ya pili, nikaenda getini. Mlinzi, ambaye nimemlisha miaka minne, aliniambia bosi yuko kwenye mkutano. Wiki ya tatu alikuwa kwenye mkutano. Ya nne pia, ikawa kama kampuni ile haiuzi tena usafiri, inauza mikutano. Mwisho nilimvizia akitoka na gari, nikasimama mbele. Akashusha kioo kidogo. Nikamkumbusha barua. Akaniangalia kama mtu anayejaribu kunikumbuka, akasema, "Mama, siye tulimaliza. Ulitia sahihi."

Akapandisha kioo. Sikulia, nataka ijulikane, nilibaki palepale mbele ya gari kwa hasira, na mlinzi akanishika mkono akanisogeza ili gari lisinipige.

Siku hizo hizo mpishi wa shule moja ya bweni ya wasichana alikuwa anastaafu. Shule hiyo inaongozwa na masera, ndivyo tunavyowaita watawa wa kike hapa kwetu, na masera mkuu alikuwa amekula chakula changu kwenye sherehe zaidi ya moja. Akaniita. Akaisoma mara mbili ile barua ya kufukuzwa, akavua miwani. Nikamweleza ukoko. Akacheka mpaka machozi, kisha akaacha kucheka. Akasema yeye ananiamini, lakini kamati ya wazazi hupitia karatasi za kila anayegusa chakula cha watoto wao, na karatasi yangu inasema wizi. Akasema: niletee hukumu ya mahakama inayoliondoa neno hili, na jiko ni lako. Masomo yangeanza mwezi wa tisa. Angeweka mpishi wa muda mpaka Noeli, asingeweza kungoja zaidi ya hapo.

Wakati huo ulikuwa mwezi wa saba. Nikaona muda upo mwingi. Nikaenda kwa yule bwana mwenye kompyuta karibu na soko anayewaandikia watu mashtaka, akaniandikia kurasa mbili nzuri, nikavaa kitenge changu cha Pasaka, nikaenda mahakama kubwa ya mji.

Karani wa pale alinikaribisha vizuri, alinipa hata kiti. Akasoma mistari mitatu, akaniuliza, "Mama, hii kesi iko ya kazi?" Nikasema ndiyo. Akafunga faili, akanirudishia kwa mikono miwili. Akanieleza kwa upole kwamba zamani mahakama yao ndiyo iliyosikiliza ugomvi wa kazi, kwa sababu mahakama ya kazi yenyewe haikuwepo hapa. Sasa sheria imetengenezwa upya, mahakama ya kazi imeanzishwa, ina hakimu wake na kibao chake. Tangu siku ilipoanzishwa, wao hawana tena uwezo juu ya mambo hayo. Hata akiipokea, wakili wa kampuni atasimama, atasema sentensi moja, na kesi itaanguka. Nilimshukuru. Nilitoka nikijua kwamba ameniokoa na aibu.

Mahakama mpya ilikuwa chumba kimoja mwisho wa baraza la jengo la biro nyingine. Kibao kilikuwa kipya kweli, rangi ukutani bado inanuka. Karani, mwanamke wa rika langu, alikuwa amekaa na muhuri ambao haujawahi kuguswa na wino. Nikampa kurasa zangu. Akazisoma zote, akatikisa kichwa kwa uchungu, akasema ni kesi ya wazi kabisa, ni kesi yao hasa. Moyo ukanipanda. Kisha akanieleza kwamba hakimu yupo, yuko nyuma ya ule mlango, lakini hawezi kukaa peke yake. Sheria inataka akae na wenzake wawili, mmoja anayetoka kwa waajiri na mmoja anayetoka kwa wafanyakazi, na hao wawili bado hawajaapa, kwa sababu karatasi yao ya kuteuliwa haijafika kutoka Kinshasa. Bila wao daftari la kesi halifunguliwi.

Nikamwuliza, basi kesi yangu ni ya nani?

"Iko yetu," akasema. "Lakini siye hatuwezi kuipokea."

Nikamwomba alirudie hilo, akalirudia, na hakuwa ananidhihaki. Kule wangeweza kuipokea lakini si yao. Huku ni yao lakini hawawezi kuipokea. Waliotunga ile sheria walivunja nyumba ya zamani kabla ya kuezeka mpya, na siye tuliokuwa ndani wakatuacha na mvua. Nataka kumjua mtu aliyekaa kwenye meza yake akatia sahihi jambo hilo. Simtaki kwa ubaya. Nataka tu kumpikia siku moja, nimwambie kwamba chakula ni chake lakini sahani haijaapa.

Nilipofika nyumbani mume wangu akaja na wazo, na mume wangu akija na wazo ujue hali imekuwa mbaya. Akasema tangu jimbo lilipowekwa mikononi mwa wanajeshi, kesi za wizi na za damu zilitoka kwa mahakimu wa kiraia zikaenda kwao. Neno lililoko kwenye barua ni wizi. Pengine wao watalisikiliza. Nilijua ni upuuzi, lakini mtu anayezama hachagui jani la kushika. Nikaenda. Mezani alikuwa amekaa sajini mmoja, mtu mzima, anachonga penseli kwa wembe. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mama, hapa tunahukumu wezi," akasema. "Weye iko mwizi?"

"Hapana."

"Basi unatafuta nini hapa?"

Kisha akaniongezea, bila ubaya, kwamba kampuni ingeleta mashtaka dhidi yangu, wao wangekuwa na uwezo, na ningesikilizwa haraka. Nilitembea kwa miguu kurudi nyumbani nikiyatafuna hayo. Katika Bunia nzima palikuwa na mlango mmoja tu uliokuwa wazi, ambako neno lile lingefika mbele ya hakimu mwezi uleule, na ili niuingie ilinipasa niletwe nikiwa nimeshikwa. Niliwaza kwenda kumpigia magoti yule msimamizi anishtaki. Niliwaza kweli, mpaka nikapanga maneno. Ndipo nikajua kwamba hasira imeanza kunila akili.

Miezi ikapita hivyo. Kila Jumatatu nilikwenda kwenye chumba kile cha rangi mpya. Karani na mimi tukazoeana, akanieleza magonjwa ya mama mkwe wake, mimi nikamfundisha kupika makayabu yasiwe makali. Masomo yakaanza. Masera akaweka mpishi wa muda, akanitumia salamu kwamba bado ananingojea. Mwezi wa kumi ukaisha, karatasi ya Kinshasa haijafika. Wengine tuliokuwa tunakutana pale barazani, mlinzi aliyefukuzwa, mwalimu aliyefukuzwa, walichoka mmoja mmoja wakaacha kuja. Kidole kimoja hakivunji chawa, tunasema, na mimi nilibaki kidole kimoja.

Mwisho wa mwezi wa kumi na moja wale wawili wakaapa. Kesi yangu ikawa ya kwanza katika daftari. Karani aliandika jina langu kwenye mstari wa kwanza kabisa, akanionyesha, na siye wawili tukafurahi kama watu waliojaliwa mtoto.

Siku ya kusikilizwa nilikwenda na shahidi mmoja, dereva mkongwe aliyestaafu. Wale wengine niliowalisha miaka yote hiyo walikuwa na safari, wote, siku hiyohiyo. Mkongwe alisimama na kofia mkononi, akawaambia mahakimu, "Ukoko iko ya mupishi. Hata mama yangu alikuwa anaichukua. Hakuna mutu anaitwa mwizi sababu ya ile." Yule hakimu aliyetoka kwa wafanyakazi akainamisha kichwa kuficha kicheko. Hata yule wa waajiri alikubali kwamba kwao pia ni hivyo. Hakimu mkuu akamwuliza msimamizi kama kampuni ilikuwa na sheria yoyote iliyoandikwa kuhusu ukoko, akasema hapana. Nilimwona anatoka jasho. Nikasema moyoni, leo. Leo ndiyo siku.

Kisha wakili wake akasimama na karatasi moja tu mkononi. Hakubisha habari ya ukoko hata kidogo. Akasema huyu mama na kampuni walipatana mbele ya inspekta, na sahihi ni hii.

Hakimu akaniuliza kama sahihi ni yangu. Nikasema ni yangu. Akaniuliza kama kuna aliyenilazimisha. Nikasema hakuna, na nikamsimulia yote, mkono, soda, barua iliyoahidiwa kwa wiki ile. Nilisimulia nikidhani namsaidia. Akaishika ile karatasi, akaniuliza:

"Na ile ahadi iko wapi?"

"Iko mu kinywa yake," nikasema, nikamwonyesha msimamizi kwa kidole.

Msimamizi akaulizwa. Akasema hakumbuki.

Wakatoka wote watatu, wakarudi baada ya muda mrefu, na hakimu akasoma. Akasema mahakama hii mpya ndiyo yenye uwezo juu ya ugomvi wa kazi katika mji huu, hakuna nyingine. Nilikuwa nimeitafuta sentensi hiyo miezi mitano, na ilipokuja ilinipita. Maana akaendelea: uwezo wake ni juu ya ugomvi, na hapa hapana ugomvi. Ugomvi huu uliisha siku ile kwa inspekta, kwa sahihi za pande zote mbili. Kama ahadi ingekuwa imeandikwa, angekuwa na nguvu ya kuilazimisha. Haikuandikwa. Mahakama haiwezi kusema kwamba niliiba, wala haiwezi kusema kwamba sikuiba.

Nikasimama bila kupewa ruhusa. Karani alinifanyia ishara nikae, sikukaa.

"Mukubwa," nikasema, "kama ugomvi ulikwisha, mbona mimi ningali mwizi?"

Hakimu akawatazama wenzake, akaifunga faili yangu. Nitasema la haki, niliona kwamba alikuwa na jibu na hakuruhusiwa kulitoa. Akaita kesi ya pili.

Siku tatu kabla ya Noeli nilikwenda shuleni. Sikungoja niitwe, nilitaka masera asikie kutoka kwangu. Alisoma ile hukumu upande wa mbele, akaigeuza akasoma na upande wa nyuma ambako hapakuwa na kitu. Akasema ananiamini kama siku ya kwanza. Akasema amejaribu kuongea na kamati, na kamati ilitaka neno moja tu katika karatasi hii, na neno hilo halimo. Yule mpishi wa muda atabaki. Kisha akajikaza, nikaona kwamba kilichokuwa kinakuja kinamwuma hata yeye, akaniambia kwamba kuna nafasi ya kufagia uwanja na madarasa. Kufagia hakuhitaji karatasi. Ila kwa ajili ya wazazi, akasema, nisiwe naingia jikoni.

Nilimkasirikia naye. Nilikuwa nimebakiwa na hasira ya kutosha kumgawia kila mtu, nikampa na yeye fungu lake, kimoyomoyo, nikiwa nimekaa mbele yake na mikono juu ya magoti. Nilitaka kusimama nitoke. Lakini nina watoto watatu shuleni, na hasira hailipi ada. Nikasema nitaanza lini.

Sasa ni mwaka wa pili nafagia. Yule mpishi ni mwanamke mwenye moyo mzuri, tatizo lake ni kwamba alijifunzia kwenye sufuria ya watu sita, na wasichana pale ni wengi. Masufuria haya makubwa yanamshinda. Karibu na saa sita huja mlangoni na mwiko, ananiletea maharagwe nionje. Ninaegemeza ufagio ukutani, ninaonja, ninamwambia ongeza maji, toa ukuni mmoja, funika, usikoroge tena. Anarudi kufanya nilivyosema, anaacha mlango wazi ili nimwone, na mimi ninasimama upande wa nje nikimwelekeza kwa mkono.